Helikopta ya Kunyunyizia Dawa Inapoanza Kulalamika: Dalili, Chanzo na la Kufanya

Rubani wa abiria akisikia mlio asiouelewa akiwa futi 1,500 juu ya ardhi, ana karibu dakika nzima ya kutafuta mahali pa kutua. Mwenzake anayenyunyizia mpunga yuko mita 3 juu ya masuke, anakwenda kilomita 90 kwa saa, tangi limejaa dawa na mwisho wa shamba kuna nguzo za umeme. Yeye ana sekunde mbili, labda tatu. Kwa hiyo kazi kubwa ya kuzuia ajali hufanyika kabla ya kishindo: jana jioni wakati mashine inazimwa, leo alfajiri wakati mafuta yanapimwa, na kila inapotua kuongezewa dawa.

Nimechukua mfano wa Robinson R44 kwa sababu ndiyo ninayoifahamu zaidi, na huruka juu ya mashamba kuanzia Australia na New Zealand hadi Marekani. Huku kwetu pia zipo. Tarakimu nitakazotaja ni zake. Kama mashine yako ni Bell, Hughes au nyingine, mantiki ni ileile lakini tarakimu zisome kwenye kitabu chake, na kitabu hicho kikipingana nami, kifuate chenyewe.

Sindano mbili kwanza

Kwenye dashibodi kuna sindano ya mzunguko wa injini na sindano ya mzunguko wa pangaboi kuu, pembeni kwa pembeni. Mambo yakiwa sawa, zinakwenda pamoja. Tatizo likizuka, jinsi zinavyoachana ndiyo jibu la kwanza, na hutangulia taa nyingi.

Zote mbili zikishuka kwa pamoja na honi ikalia (hulia pangaboi likifika karibu asilimia 97 ya mzunguko wake wa kawaida), nguvu ya injini haitoshi. Ama injini inaumwa, ama umeidai kuliko uwezo wake. Nanyuki iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Mzigo ambao kwenye bonde la Kilombero unainuliwa bila shida, pale juu, kwenye hewa nyepesi, saa sita mchana utakugomea. Shusha kolektivi (wenzo wa mkono wa kushoto unaobadilisha pembe ya mabapa ya pangaboi) kidogo, ongeza mafuta, mwaga dawa kama shamba linaruhusu. Usivute kolektivi juu kwa kuogopa ardhi. Robinson, mtengenezaji wake, anawaonya marubani kwamba pangaboi likishuka chini ya asilimia 80, ukijumlisha asilimia 1 kwa kila futi 1,000 za mwinuko, mabapa yanaacha kushika hewa na hapo hakuna kurudi. Kwa Nanyuki hiyo ni kama asilimia 86. Kutoka honi ilipolia hadi hapo ni pointi kumi na moja tu, na mkono wenye woga unazimaliza upesi sana.

Sindano ya injini ikiruka juu huku ya pangaboi ikidondoka, nguvu ipo ila haifiki juu. Angalia mikanda. Kwenye R44 injini haijaunganishwa moja kwa moja na giaboksi. Mikanda minne ya V, kila mmoja wa mgongo pacha, ndiyo inayobeba nguvu kutoka puli ya chini hadi puli ya juu. Mikanda ikikatika au ikiruka kwenye puli, huna injini tena hata kama inanguruma. Kolektivi chini, tua mbele yako.

Sindano ya injini ikianguka na ya pangaboi ikabaki juu, injini imezima na klachi ya njia moja imeliachia pangaboi lizunguke lenyewe kwa upepo unaopanda. Ukiwa na mwendo, mwendo huo ndio akiba yako: vuta saiklik (usukani ulio mbele yako) taratibu, badilisha kasi iwe urefu kidogo na mzunguko, kisha nyoosha na utue ukiwa sawa. Na zote mbili zikicheza juu na chini pamoja, mara nyingi ni gavana, kifaa kinachorekebisha mafuta ili mzunguko usibadilike. Shika kishikio cha mafuta kwa nguvu, zima swichi ya gavana, endesha kwa mkono hadi chini.

Mikanda na beringi

Hapa nitakaa, maana ndipo mashine inaposema mapema na watu wasisikie.

Taa ya klachi huwaka wakati kimota kinachokaza mikanda kinafanya kazi. Ikiwaka kidogo angani na kuzima, mkanda umepata joto na umekazwa upya; ni kawaida, hasa mikanda ikiwa mipya. Isipozima ndani ya sekunde 10, vuta kikata umeme chake (circuit breaker) na utafute pa kutua. Pakiwa na harufu ya mpira unaoungua, mtetemo au sindano kuanza kuachana, tua sasa hivi, ukiwa tayari kwa kushuka bila injini. Ukifika chini, usiikaze tu ukaondoka. Mkanda hulegea kwa sababu: puli hazijanyooka, mafuta ya injini yamemwagikia mikanda, mzigo umezidi nguvu iliyoruhusiwa kwa muda mrefu, au beringi iliyo karibu inakufa na kuvuta kila kitu upande mmoja.

Kuhusu beringi, mtengenezaji ametoa tahadhari ambayo kila fundi angepaswa kuibandika ukutani: beringi inayokaribia kufa kwa kawaida huongeza kelele saa kadhaa kabla haijavunjika, na kabla hata joto halijapanda. Vile vibandiko vya kupima joto vinavyobandikwa kwenye beringi na giaboksi vinasaidia, lakini vikibadilika rangi umeshachelewa sehemu ya safari. Masikio yanatangulia.

Msimu mmoja, kijana aliyekuwa akichanganya dawa alinifuata jioni akaniambia, "Fundi, leo ikizimwa inasaga kama mashine ya unga." Rubani alikuwa hajasikia kitu, alikuwa na kofia ya masikio siku nzima. Tulifungua kifuniko, nikazungusha shafti kwa mkono huku kidole kikiwa juu ya nyumba ya beringi. Mzunguko wa kwanza kimya. Wa pili, nikausikia mchanga: mkwaruzo mdogo sana, kama mtu anavyotafuna wali wenye kijiwe. Grisi iliyotoka ilikuwa nyeusi na kavu, ina ung'avu wa chuma ndani yake. Siku ile ile mashine ilisimama na shamba likasubiri. Tangu hapo, kila timu ninayofanya nayo kazi, mtu mmoja wa chini husimama mahali salama wakati wa kuwasha na kuzima, injini ikiwa na mzunguko mdogo, na kazi yake ni kusikiliza tu. Simpi kazi nyingine dakika hizo.

Pua imegeuka: upande gani?

Helikopta nyingi za Kimarekani, R44 ikiwemo, pangaboi kuu huzunguka kinyume cha saa ukilitazama kutoka juu. Kwa hiyo pua ikirushwa ghafla kushoto, injini imeacha kusukuma. Ikirushwa kulia na pedali ya kushoto haizuii, pangaboi la mkia limekufa. Za Kifaransa, kama Lama na Écureuil, pangaboi huzunguka upande wa pili na pua hugeuka kinyume cha hivi. Rubani anayehama kutoka mashine moja hadi nyingine alirudie hili kichwani kabla ya kuwasha.

Mkia ukifa ukiwa umesimama hewani, funga kishikio cha mafuta papo hapo. Nguvu ikiondoka, kinachoizungusha mashine nacho kinaondoka; iache ishuke, na karibu na ardhi inua kolektivi kupunguza kishindo. Ukiwa kwenye mwendo, bawa la wima la mkiani bado linashika upepo. Kosa ni kupunguza mwendo huku umeshikilia nguvu: pua itazunguka na haitasimama. Shusha kolektivi, ingia kwenye kushuka bila injini, elekea mbele.

Kuna hali inayofanana na hiyo bila kitu chochote kuvunjika. Mwishoni mwa shamba rubani anageuza, mwendo umepungua, upepo unatoka nyuma, tangi bado zito, anavuta nguvu nyingi. Pua inakwenda kulia na pedali ya kushoto imefika mwisho. Saiklik mbele upate mwendo, pedali ibaki mwisho, nguvu ipunguzwe kama kuna nafasi chini. Mashine ikirudi kwenye utii, chanzo ni ule mzunguko wenyewe, na dawa yake ni kugeuza kwa upana zaidi na juu zaidi. Hata hivyo, kagua mkia ukitua.

Mkia hufa kwa nini? Wakati mwingine ni beringi ya shafti ndefu au giaboksi ya nyuma iliyokosa mafuta. Lakini kwenye kazi za shamba chanzo kikubwa ni vitu vinavyoruka: kitambaa cha kufutia mikono, kifuniko cha tangi kisichofungwa, mpira wa dawa uliochomoka, ramani kwenye helikopta iliyotolewa milango ili iwe nyepesi. Kila kilicholegea mbele huishia mkiani. Ukisikia "pa!" kisha mtetemo mwembamba kwenye pedali, usimalizie mstari.

Mtetemo: uhesabike au usihesabike

Pangaboi kuu la R44 linazunguka mara 400 kwa dakika likiwa asilimia 100, karibu mara saba kwa sekunde. Mtetemo wake ni mzito, unakaribia kuhesabika, unakutikisa kiti. Pangaboi la mkia huzunguka takriban mara sita zaidi ya hapo. Mtetemo wake ni mwembamba, unausikia nyayoni kama miguu inaingia ganzi. Injini nayo ina wake, unaobadilika ukibadilisha nguvu.

Mtetemo mzito wa juu-chini maana yake mabapa hayapiti njia moja. Wa kushoto-kulia maana yake uzito hauko sawa, na hapa dawa yenyewe ina mkono: ikigandia bapa moja kuliko jingine, mizani inaharibika. Osha, kausha, jaribu tena. Mtetemo uliokuja polepole kwa wiki nzima ni wa kumpelekea fundi. Uliokuja ghafla ni wa kutua nao, popote palipo tambarare.

Taa za chembe za chuma

Ndani ya giaboksi kuna sumaku ndogo inayonasa chembe. Zikitosha kuunganisha ncha mbili, taa inawaka. Taa pekee, bila kelele, mtetemo wala joto: tua mapema iwezekanavyo mahali pazuri. Taa pamoja na kimojawapo cha hivyo: tua mara moja.

Chini, chomoa sumaku na uifute kwenye karatasi nyeupe juani. Ukiona unga laini mweusi wenye vinyweleo, huo ni uchakavu wa kawaida, hasa giaboksi ikiwa mpya. Ukiona vipande bapa vinavyometa, au kimoja chenye ncha kama kigae, meno au beringi inamenyeka. Giaboksi haipandi tena hadi ifunguliwe. Nimeshuhudia watu wakifuta sumaku kwa kidole, wakairudisha na kuruka. Chuma hicho hakikutoka hewani.

Taa ya mafuta ya kulainisha injini haina mjadala: tua. Usukani ukiwa mzito ghafla, haidroliki imeondoka. Hakikisha swichi haikuguswa kwa bahati mbaya, isiporudi izime, kisha utue pole pole kwa mikono yenye nguvu. Mashine inaongozeka, ila si kwa kunyunyizia.

Injini inakohoa

Anza na mafuta, kabla ya plagi. Huku kwetu mafuta hufika shambani kwa mapipa, na pipa lililokaa nusu kwenye jua mchana na baridi usiku hutengeneza maji ndani yake. Chota sampuli alfajiri, kabla mashine haijatikiswa. Avgas 100LL, petroli ya ndege za injini za pistoni, ina rangi ya buluu. Maji hukaa chini yakiwa meupe, na mpaka wao unaonekana wazi ukiinua chupa kuelekea mwanga. Mtego ni chupa iliyojaa maji matupu: haina mpaka wowote, inaonekana safi. Ndiyo sababu unatafuta ile buluu, usiishie kutafuta usafi. Mafuta ya ndege za tabaini hayana rangi, kwa hiyo tumia vidonge au karatasi za kupimia maji.

Mafuta yakiwa safi, fikiria barafu ya kabureta. Watu wa pwani hucheka nikitaja barafu, lakini hewa inayopita kwenye kabureta hupoa sana, na kwenye unyevu mwingi barafu inaweza kufunga hata kukiwa na nyuzi 25 nje. Kwa R44 yenye kabureta, tumia joto la kabureta kama kitabu kinavyosema. Raven II, aina ya R44 yenye sindano za mafuta badala ya kabureta, haina shida hiyo.

Injini ikitetemeka asubuhi ikiwa baridi na kutulia ikipata joto, valvu ya moshi inaanza kunata. Usiizoee. Lycoming, mtengenezaji wa injini, anataka nafasi ya valvu hizo ipimwe kwa ratiba, na kwa helikopta ratiba ni fupi kuliko ya ndege za kawaida. Ikitetemeka ukijaribu magneto moja tu kati ya mbili zinazowasha plagi, tatizo liko upande huo: plagi, waya au magneto yenyewe, ambayo hukaguliwa kila saa 500.

Filta ya hewa nayo ina adui wake shambani: vumbi, makapi na wadudu. Mwanzoni mwa 2020, wakati nzige walipoivamia Afrika Mashariki, Boeing 737 ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikielekea Dire Dawa ililazimika kugeukia Addis Ababa baada ya kupita kwenye kundi lao. Ikiwa nzige wanaweza kuizuia kutua ndege kubwa hivyo, filta ya helikopta iliyotumwa kuwatafuta inahitaji kufunguliwa kila inapotua.

Dawa inavyoila mashine

Urea, chumvi na dawa zenye shaba hula aluminiamu. Shaba ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa ikikutana na aluminiamu penye unyevu huanza kuichimba vitundu. Osha kila jioni kwa maji mengi yasiyo na presha. Bomba la presha husukuma dawa ndani ya beringi na kufukuza grisi.

Kisha tazama ukingo wa mbele wa mabapa. Vumbi na matone hukwangua rangi hadi kwenye mstari wa gundi unaoshika ngozi ya bapa kwenye mhimili wake. Gundi ikianikwa, upepo unaanza kuibandua, kuanzia karibu na ncha. Mamlaka ya anga ya Marekani ilitoa amri za ukaguzi kwa mabapa ya R22 na R44 kwa sababu hii, na kifaa kimojawapo kilichotajwa cha kugongea ni sarafu: robo dola ya 1965 au baadaye. Unagonga ukifuata mstari, ti, ti, ti, ti, sauti kavu na kali. Ukifika palipobanduka sauti inabadilika, inakuwa tupu, to. Hapo weka alama na bapa lisizunguke tena. Paka rangi mapema, kabla chuma hakijaonekana.

Saa hazisemi yote

Helikopta ya watalii huinuka mara moja kwa saa. Ya shambani huinuka na tangi zito, inageuka, inatua, inajazwa, inainuka tena, makumi ya mara kwa siku. Kila kuinuka ni mkunjo mmoja kwenye shafti, na chuma huchoka kwa mikunjo. Baadhi ya watengenezaji, Bell akiwemo, kwenye vipuri fulani huhesabu matukio hayo pamoja na saa. Hata kama kitabu chako hakidai, weka daftari la idadi ya mizigo kwa siku. Ukifungua mashine na kukuta ufa, daftari hilo ndilo litakaloeleza. Na saa ziandikwe zote. Anayeficha saa 200 anampa rubani wa msimu ujao bapa lililokwisha umri bila kumwambia.

Ikishaanguka

Moto kwanza. R44 za zamani zilikuwa na matangi ya aluminiamu yaliyopasuka hata kwenye ajali ndogo. Machi 2013 huko Bulli Tops, New South Wales, watu wanne walikufa kwenye R44 iliyowaka baada ya kugonga ardhi. Tarehe ya mwisho ya kubadilisha matangi nchini Australia ilikuwa mwisho wa Aprili mwaka huo. Kabla ya kukodi R44 ya zamani, uliza kama ina matangi ya mpira, na uombe kuona kumbukumbu ya kazi hiyo.

Mabaki yasiguswe isipokuwa kuokoa watu. Wachunguzi watazisoma sindano, mikanda na sumaku kama tulivyozisoma hapa, na mtu akizisogeza wanapoteza jibu.

Na waokoaji wajikinge. Fenthioni, iliyotumika miaka mingi dhidi ya kwelea kwelea Tanzania na Kenya, ni ya jamii ya oganofosfeti, na huingia kwa ngozi. Rubani aliyelowa anaweza kuwa na mifupa mizima na bado akawa anakufa: mboni ndogo kama ncha ya sindano, mate mengi, jasho, pumzi ya shida. Vua nguo zake, muoshe kwa maji na sabuni, na daktari aambiwe jina la dawa kamili. Kopo linaweza kuwa limeungua, kwa hiyo jina hilo liandikwe kwenye karatasi alfajiri, kabla ya mzigo wa kwanza, na karatasi ibaki mfukoni mwa mtu wa chini.